Beringi Moja, Washauri Mtaa Mzima

Corolla yangu AE100 ni ya mwaka 1994, umri wa kuoa kabisa. Uzee wake haunisumbui. Kilichonisumbua ni kuvuma. Kwenye 40 inanung'unika, kwenye 60 inaimba, na ikifika 80 abiria wa nyuma wanauliza kama tumekaribia uwanja wa ndege. Mke wangu alishauri niongeze sauti ya redio, na kwa muda dawa hiyo ilituliza maumivu.

Beringi mbovu haijifichi. Unainua gari kwa jeki, mkono mmoja unashika springi, wa pili unazungusha tairi. Nzima huihisi. Ya kwangu ya nyuma kushoto ilinikwaruza kiganja kana kwamba imelishwa mchanga.

Kariakoo muuzaji akaniuliza, "Bosi, unataka ya Japani, ya China au mtumba?" Nikamwuliza tofauti. "Ya Japani utaisahau. Ya China utanikumbuka. Mtumba tutaonana wiki ijayo." Nikachukua ya kusahau.

Jumamosi asubuhi nikazuia magurudumu ya mbele kwa matofali, nikashusha handibreki, maana drumu halitoki breki ikiwa imeshika. Kabla sijamaliza kufungua nati za tairi, kamati ilikuwa imeshatimia. Uswahilini ukilala chini ya gari, umeitisha mkutano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, hiyo siyo beringi. Hiyo difu."

Nikamweleza kwa adabu kwamba gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, nyuma halina difu. Mzee akatafakari kidogo. "Basi ndiyo maana linavuma."

Drumu likagoma kwa kutu. Kijana wa bodaboda akaja na nyundo, uso umejaa matumaini. Lakini drumu hilo lina matundu mawili yenye nyuzi: unafunga humo bolti mbili za milimita 8, unakaza moja kidogo, kisha nyingine, na drumu linajisukuma nje lenyewe. Likatoka bila kupigwa. Kamati haikufurahi. Ndani kuna bolti nne za spana 14, unazifikia moja moja kupitia tundu la habu. Zikafunguka, habu ikawa mkononi.

Hapo kazi ya nyumbani inakwisha, kwa sababu beringi hutolewa na kuingizwa kwa presi. Nikaingia ndani kunywa chai na kumpigia simu fundi mwenye presi. Fundi hakupokea, nikapiga tena, chapati nazo zilikuwa za moto. Kutoka nje, nikakuta kamati imepitisha azimio: ya zamani iko chini, mpya inashindiliwa kwa nyundo na kipande cha bomba, tena wanagonga ringi ya ndani. Ukigonga ringi ya ndani wakati ya nje ndiyo inayobana, kishindo chote kinapita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake. Beringi inakufa kabla haijasafiri.

"Tumekusaidia, kaka," akasema wa bodaboda, akipangusa jasho.

Nikairudisha Kariakoo. Muuzaji aliigeuzageuza mkononi. "Bosi, hii ya Japani mmeifanya mtumba wenyewe."

Ya pili iliingia kwa presi kwa dakika chache, na ujira wa fundi ulikuwa mdogo kuliko bei ya beringi. Kwa hiyo, msomaji, gari lako likianza kuvuma, nunua beringi ya kusahau, mtafute mwenye presi mapema, na usiingie ndani kunywa chai kabla hujaondoka na habu yako.