Na maji alichota nani?

Nimechoka na marehemu wawili, Richard Burton na John Speke. Tangu riwaya ya kihistoria inayowahusu ifike kwenye kibanda tunachonywea chai ya maziwa ya ngamia hapa Isiolo, bei ya mbuzi haizungumzwi tena. Kuna timu Burton na timu Speke, na wenye kelele nyingi ndio hawajafika hata ukurasa wa kumi.

Kisa ni kitamu, sikatai. Mwaka 1858 walifika Ujiji, Burton anabebwa, Speke macho yamefifia. Watu wametoka pwani kwa miguu kutafuta ziwa, wamelifikia, mmoja hawezi kutembea na mwenzake haoni! Baadaye mdudu akamwingia Speke sikioni, naye akamchokoa kwa kisu. Huyo ndiye mtafiti wetu. Burton alipobaki Kazeh akiugua, Speke akashika njia ya kaskazini, akaliona ziwa jingine akaliita Victoria, kisha akamtangulia mwenzake London kutangaza kwamba chanzo cha Nile kimepatikana. Fitina ikawaka, wakubwa wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia wakiwa katikati. Wakapangiwa kujibizana mjini Bath, Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke akafa kwa bunduki yake mwenyewe. Ajali? Kibandani kila mtu sasa ni mpelelezi.

Kinachonikera ni Sidi Mubarak Bombay. Myao huyu aliuzwa utumwani akapelekwa India, akarudi akijua Kihindustani, na ndicho alichosemezana na Speke. Alikuwamo katika safari hiyo iliyoanza 1857 na ile ya Speke ya 1860, akaongoza walinzi wa Stanley alipomtafuta Livingstone, akavuka bara na Cameron. Jumuiya ile ile ilimpa nishani ya fedha mwaka 1876. Lakini kwenye riwaya hii yetu anaingia, anashika taa, anatoka.

Mzee mmoja wa Kiborana alisikiliza weee, akaweka kikombe chini: "Hao wakigombania mto, maji ya kunywa alichota nani?"

Kimya. Na huku Ewaso Nyiro ikikauka hatuulizi ilianzia wapi, tunauliza nani kaimaliza huko juu.

Basi enyi waandishi, mpeni Bombay riwaya nzima, Burton na Speke wabebe mizigo. Nitainunua, mradi bei isipite kilo ya nyama ya mbuzi.