Barua ya Wazi kwa Meneja wa Tawi: Naomba Kibali cha Mazishi

Kwako Bwana Meneja,

KUH: MAREHEMU DENI LA SHILINGI 1,350

Jumatatu nilikuja tena kwenye tawi lako, safari ya nne sasa, nikitafuta akaunti ambayo mtu akikwama karo anaweza kukopa kidogo. Binti wa dirisha la 6 akabonyeza, akakunja uso, akatangaza kama mnadi wa ng'ombe: "Mzee, mfumo umekataa. Uko CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo." Foleni nzima ikageuka. Hata bawabu alishika rungu vizuri.

Deni lile nililipa. Lilizaliwa kwenye simu, shilingi 1,000 za mtungi wa gesi, likala faini likanenepa, likafariki. Ujumbe wa malipo ninao. Ila doa la CRB hukaa miaka mitano tangu siku ya kulipa, kwa hiyo hadi itimie marehemu anatembea, na kila nikija kwako namkuta ameshafika dirishani.

Naomba tumzike.

Kamati ya mazishi iwe chini yako, ikutane kila jioni kwenye zile sofa za wateja wakubwa (nimeziona kwa mbali). Tangazo lisomwe redioni, na gazetini itoke picha ya marehemu: tarakimu nne zimevaa tai. Ameacha mjane, Riba, na watoto wawili, Faini na Ada ya Kuchelewa, wote wazima wa afya. Jeneza lisikusumbue, kisanduku cha kiberiti kinamtosha. Makarani wataimba. Wewe utasoma wasifu, utueleze jinsi marehemu alivyokaribia kuangusha uchumi wa taifa. Kisha, kama ilivyo desturi, mtu asimame kando ya kaburi aulize: kuna yeyote anayemdai marehemu? Ajitokeze sasa. Kukiwa kimya, tufukie. Chai na mkate ni juu yangu, kama kawaida.

Kama kawaida, kwa sababu hata cheti cha kuonyesha kwamba sidaiwi nilikinunua kwa shilingi 2,200. Deni lenyewe lilikuwa 1,350! Halafu Novemba 2022 waliokuwa hawajalipa mikopo yao ya simu wakapunguziwa asilimia 50, wakipewa na njia ya kusafishwa. Mimi mjinga niliwahi kulipa yote. Wanangu walikunywa uji bila sukari wiki mbili ili nilipe, na leo naitwa mdaiwa mbele ya majirani zangu, na anayeniita hivyo hata hajaniangalia usoni.

Niwie radhi. Nimepandisha sauti.

Akaunti niliyopewa badala yake, ile ya kuweka tu, nimeipokea kwa shukrani. Pesa zangu hazina doa, inaonekana. Ila nikijaza fomu niliwaza: nikikuachia shilingi 8,000, hapo nani amemkopesha nani? Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank ziliwekwa chini ya mrasimu hapa nchini, moja baada ya nyingine, wenye pesa zao wakabaki kusoma karatasi zilizobandikwa mlangoni. Kwa hiyo nami naomba kuona cheti chako, Bwana Meneja. Kiwe cha karibuni, na ukilipie mwenyewe.

Mengine ni madogo. Huyo Mfumo atoke siku moja tusalimiane. Kalamu mliyoifunga mnyororo iachiliwe, au mtuambie ilikopa ngapi. Na ule ujumbe wa kila Ijumaa, "Mteja wetu mpendwa, unastahili mkopo wa hadi shilingi 50,000", upelekeni dirisha la 6 ukakutane na yule binti.

Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Njoo na kiti chako.

Wako mwaminifu
(mfumo haujathibitisha)