Gran Reserva Kidakani

Ndugu msomaji, kama una kijana anayesomea kazi ya hoteli, sogea tupeane pole. Wangu tunamwita Profesa. Hapa Lamu, ambako mashua hazikomi kupeleka watalii Shela, hayo ni masomo ya maana, nami ada nalipa kwa moyo mkunjufu. Tatizo ni kwamba muhula huu wamefika kwenye mvinyo wa Ulaya, na nyumba yetu ni ya Kiislamu. Mama mkwe wangu, ambaye tumempa cheo cha Jaji kwa kuwa hukumu zake hazina rufaa, alimwambia mapema: mnywaji, mmiminaji na mbebaji, wote wamo. Profesa akaapa kwamba anachosoma ni maandishi ya kwenye chupa tu. Akimaliza mtihani ataomba kazi ya mapokezi.

Basi akaanza kukariri kwa sauti, nyumba nzima ikasoma naye. Mwaka 1855, Napoleon III alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe kwa ajili ya maonyesho ya Paris. Madalali wakaupanga ule mwekundu madaraja matano, wakifuata zaidi bei za sokoni. Tangu hapo ni Château Mouton Rothschild pekee iliyopandishwa, kutoka daraja la pili hadi la kwanza, mwaka 1973. Mke wangu, Waziri wa Fedha, aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele. “Miaka 118 kupanda cheo kimoja! Na wewe baba yao unalalamika kazini.”

Wajerumani ndio waliomvuta Jaji. Kwao mvinyo wa daraja la juu hupangwa kwa utamu wa zabibu siku ya kuvunwa. Kabinett iko chini. Spätlese ni zabibu zilizocheleweshwa mtini. Juu kabisa ni Trockenbeerenauslese, punje zilizosinyaa zikachumwa moja moja. “Hizo ni rutabu na tamri,” alisema Jaji, ambaye tende huwa hanunui mpaka aionje, na jioni hiyo Profesa alipewa mahamri ya ziada.

Mahamri hayo yalimpa kichwa. Kesho yake alibandua karatasi zote za Jaji kwenye chupa za vidakani, akabandika zake ili ajizoeze. Samli ikawa DOCG, daraja la juu la Italia. Sharubati ya ukwaju, kwa kuwa ilikuwa mbichi, ikawa Joven. Siki kuukuu ikapewa Gran Reserva, maana mvinyo mwekundu wa Rioja haupati jina hilo kabla ya kukaa miaka mitano, sehemu pipani na sehemu chupani.

Ndipo wakaja wageni wa Maulidi kutoka Faza, wakiongozwa na ami yangu, mzee wa msikiti. Waziri akamtuma kitinda mimba wetu, Mjumbe, alete ukwaju. Mtoto alichagua chupa yenye jina refu. Ami alipiga funda moja, akakohoa hadi kofia ikaanguka, kisha akaisoma ile chupa. “Mwanangu,” akaniuliza polepole, “haya mmeyaanza lini?” Jaji alilazimika kutoka ndani, kunusisha siki yake kwa kila mgeni, na kuapa.

Hata hivyo namtetea Profesa. Ufaransa ilitunga sheria ya majina ya asili mwaka 1935 kwa sababu wajanja walikuwa wakiuza mvinyo wa kwingineko kwa majina ya mashamba ya watu, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukauweka ulinzi huo chini ya utaratibu mmoja. Kijana anayejifunza kwamba jina kwenye chupa ni ahadi anajifunza uaminifu.

Ila wewe mzazi mwenzangu, mnunulie wako daftari kubwa, na chupa za jikoni mwambie aziache na karatasi za bibi yake.