Fadhila za Picha Isiyopunguzwa

Wasusi wetu wa vyondo hapa Kaaga, watangazao kazi zao kwa simu kwa wateja wa Nairobi na ng'ambo, wanastahiki pongezi kwa kukataa katakata kuzipunguza picha zao. Maana picha ya vitone 4,000 kwa 3,000, ambavyo ukivizidisha ni milioni 12, ikipelekwa kama hati ili WhatsApp isithubutu kuikamua, humtunukia mteja, ambaye kioo cha simu yake pengine hakizidi vitone 1,080 kwa upana, kila unyuzi wa mkonge ambao hatauona abadan, pamoja na kucha zote nane za kuku aliyekatiza nyuma ya kiondo.

Mahasidi hunong'ona kwamba kuipunguza ni kazi ya dakika moja. Dakika moja! Na nani atamlisha muuza vifurushi wa Makutano? Isitoshe, kile kiduara kinachozunguka humfunza mteja subira, ambayo wamisionari wa Kimethodisti, waliofika Kaaga mwaka 1912, walilazimika kuihubiri kwa miguu. Mlima Kenya, kwa mita zake 5,199, hujionyesha bure asubuhi isiyo na ukungu, na ndiyo sababu hakuna aulipiaye kuutazama. Kiondo cha shubiri mbili, kwa hadhi yake, hakiwezi kujirahisisha namna hiyo.

Juzi mteja mmoja, kifurushi kilipomwishia katikati ya kiondo cha tatu, alitoka akanunua kikapu cha plastiki, ambacho, maskini, kilionekana chote papo hapo.