Tantine, Wamenipikia Makaroni

Kila Desemba barua huzidi mezani kwangu. Watoto wetu wa Bruxelles, Toronto na Dubai wanashuka Entebbe, wanavuka mpaka wa Kasindi, na kabla vumbi la njia ya Beni halijawatoka kwenye nywele, wameshagombana na mtu juu ya chakula. Mimi niliuza malewa miaka mingi karibu na soko kuu la Butembo. Siku hizi mwiko nimewaachia mabinti, nimebaki na kalamu.

*Tantine, miaka tisa nimekaa Bruxelles nikiota bugali na sombe. Nimefika Butembo Jumatatu: makaroni. Jumanne: wali na kuku. Jumatano: makaroni tena, na Fanta. Bugali nausikia unasongwa kule nyuma, nasikia hata mwiko ukigonga sufuria, lakini mezani haufiki. Nimewakosea nini?*
*Mtoto wa Furu*

Hujakosa kitu, mwanangu. Ulishuka kwenye gari na koti refu na miwani, mama yako akaona Mzungu. Na Mzungu, kila mtu anajua, hali bugali. Hayo makaroni yamevuka Kasindi kama wewe, yamelipa ushuru kama wewe, yamerushwa mashimoni kama wewe. Mama amekulisha msafiri mwenzako.

Jambo moja usilifanye: usiombe bugali sebuleni, mbele ya majirani waliokuja kukutazama. Watasema nyumba hii haina hata wali wa kumpa mtoto aliyetoka Ulaya, na mama yako alikopa pesa za kuku huyo. Kula kuku. Firigisi usiiguse, hiyo ni ya mkubwa wa nyumba, na kama baba hayupo tena, mjomba wako ameshaihesabu tangu jogoo akiwa hai. Halafu kesho asubuhi vua koti, ingia jikoni, vuta kile kiti kifupi, jiwekee ungo wa maharage mapajani uchambue. Usiseme neno. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe wamekusahau, basi lidai jembe lako mwenyewe. Anayechambua maharage ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hula kilichomo sufuriani. Saa saba mchana utakuwa na tonge mkononi, na mama atakuwa anakugombeza kwamba mawe mengine umeyaacha. Hapo ndipo utakuwa umefika Butembo.

*Tantine, mume wangu ni mtu wa Beni, tulikutana Toronto. Nimeleta mashine ya kusagia ili kumpumzisha mama mkwe na kinu. Nilisaga sombe, nikaipika dakika kumi na tano, ikabaki kijani kizuri sana. Mama mkwe aliitazama, akaibeba sufuria yote, akairudisha motoni bila kuniambia kitu. Nimelia.*
*Bibi Harusi wa Mashine*

Futa machozi, binti, huyo mama amekupenda. Jani la muhogo lina sumu, sayanidi. Ukilitwanga, jani linapasuka na sumu inaachiliwa. Ukilichemsha muda mrefu, inatoka na mvuke. Mashine yako imefanya kazi ya kinu, sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe mabega yangu yangeishukuru. Lakini kazi ya moto haina mashine. Sombe ya kijani kizuri ni ya kupigwa picha. Ya kuliwa imekaa juu ya babula hadi rangi imeinama, ndipo inapewa mafuta ya mawese, kitunguu, pilipili na kipande cha samaki chumvi. Kesho mpelekee mama mkwe majani uliyosaga, kaa naye mpaka makaa yaishe, na mwache yeye aonje wa kwanza. Kama hakusema kitu na akaongeza, umeolewa upya.

*Tantine, tumebishana ndani ya taksi: chakula kitamu kiko Beni au Butembo?*
*Abiria Wanne*

Mimi ni wa Butembo na mume wangu ni wa Beni, mnataka nilale wapi? Ni kilomita 54 tu. Beni iko chini, kuna joto, inatupatia bitoke, mawese na papai. Sisi wa juu, pamoja na Lubero, tunashusha viazi, kabichi, karoti na puwaro. Sufuria moja ya kwetu ina miji yote miwili ndani. Mlipeni dereva.

*Tantine, tumbo langu limekuwa la Kizungu. Kila nikila nyumbani, nakimbia. Naona haya.*
*Mkimbiaji wa Usiku*

Si pilipili, ni maji. Kunywa yaliyochemshwa, mwambie mama ni amri ya daktari. Mama wa Butembo hashindani na daktari. Kasiksi uiache kwanza, hata kama shemeji anasema ni juisi ya ndizi tu. Shemeji anasema hivyo tangu mwaka nilipomjua. Ukipata homa au ukiona damu, acha kuniandikia, nenda kituo cha afya.

*Tantine, nataka nyama ya pori kama ile aliyokuwa akipika babu, hasa nyani. Nitapata wapi?*
*Mwana wa Msitu*

Mlango usiofaa, baba. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, hapo karibu na Beni, na haikutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Tuliosalia tulinawa maji ya klori hadi vidole vikawa vyeupe kuliko vyako vya baridi. Nyani na popo waache msituni. Mbuzi wapo, na michopo ya jioni yenye chumvi na pilipili haijamkosea mtu.

*Tantine, narudi Ufaransa na valizi mbili za kilo 23. Niweke nini?*
*Mwenye Kilo 46*

Michopo hapana, na jibini la Masisi hapana: Umoja wa Ulaya haupokei nyama wala maziwa kutoka mikononi mwa msafiri wa kwetu. Sombe mbichi na marakuja vinadai cheti cha afya ya mimea. Matunda yanayopita bila cheti ni matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian, na hilo la mwisho sijapata kuliona sokoni kwetu. Samaki lakini! Samaki wanakuruhusu hadi kilo 20. Basi nenda kwa akina mama wanaouza samaki chumvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, wa ziwa Eduardi, uwafunge mara tatu kwa plastiki. Mara tatu, nimesema. Yule jirani wa valizi yako ndani ya ndege hana kosa.

*Tantine, nilikuja kula na mama yangu. Nimekuta watu kumi na saba nyumbani: jamaa kutoka Oicha, wengine kutoka upande wa Kanyabayonga, na mzee mmoja ambaye hata si ndugu. Sahani yangu wananitengea chumbani. Naona aibu kula, na naona aibu kukataa.*
*Mgeni wa Chumbani*

Barua yako niliisoma mara mbili. Upande wa Oicha na Beni watu wanauawa na waasi wa ADF tangu Oktoba 2014, wengine wakiwa mashambani kwao, wanavuna. Kanyabayonga iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2024, na waliokimbia walikuja hadi kwetu. Ndiyo maana bitoke ni ghali: shamba lipo, njia ya kulifikia ndiyo imekufa. Ulifika sokoni bei ikakushtua, sivyo? Yule mama muuzaji hakukuibia.

Pesa ambazo ungepeleka hotelini, nunulia gunia la maharage, unga na kibuyu kizima cha mawese. Usimpe mama mbele ya watu, mpe usiku. Halafu toka chumbani na sahani yako, uimwage kwenye sinia kubwa, ukae chini, unawe, uchote upande wako. Hakuna atakayekuuliza kitu, watasogea tu.

Kuku wa kukuaga atachinjwa, hilo huwezi kulizuia. Firigisi safari hii usimwachie mjomba. Mpe yule mzee ambaye si ndugu. Huko alikotoka alikuwa na nyumba, na mkubwa wa nyumba hiyo alikuwa yeye.