Njia Saba za Kupiga Picha Bila Kugusa Kamera, Kuanzia Mkiani

Kamera iko kwenye stendi, ukoo mzima umejipanga, na mpiga picha mwenyewe anatakiwa aingie maana ni kaka wa bwana harusi. Nani abonyeze? Au ni usiku, unataka nyota juu ya bahari, shata ibaki wazi dakika nne, na kidole kikigusa tu kamera picha inatikisika. Hapo ndipo watu hukimbilia rimoti. Madukani zimejaa, zinafanana kama mapacha, na nyingi hazitaelewana na kamera yako. Haya, tuhesabu kushuka.

7. Saa ya kamera yenyewe. Ni ya bure, haina betri yake, haipotei. Sekunde 2 zinatosha kwa mlima, kwa nyumba, kwa sahani ya pilau. Zile sekunde 10 za kukimbilia nafasi yako kwenye picha ya familia ndizo zenye kesi: unafika unahema, na shangazi keshafumba macho.

6. Kitufe cha selfi. Kile kidogo kinachouzwa pamoja na fimbo yake. Kimetengenezwa kwa ajili ya simu: ukikibonyeza, simu inadhani umegusa kitufe cha sauti, ndipo inapiga. Kamera haina habari hizo. Muuzaji akikuambia "inakubali zote, bosi," mwombe aijaribu kwenye kamera yako hapo hapo kaunta. Utamwona anavyokuonyesha begi la kamera badala yake.

5. Programu ya simu. Canon wana Camera Connect, Nikon wana SnapBridge. Ikikubali ni raha, maana unaiona picha kwenye kioo cha simu kabla hujaipiga. Lakini jua la saa sita linafuta kioo, simu inaikimbia Wi-Fi ya kamera kwa kuwa haina intaneti, na betri mbili zinaisha kwa pamoja. Wenye Nikon D3500 ya mwaka 2018 hawana ujanja: kamera hiyo haina kipokezi cha infraredi wala tundu la rimoti ya waya. Ndugu zangu, tembeeni na pawabenki.

4. Rimoti ya infraredi. Nikon ML-L3 na Canon RC-6 ni jamaa wa familia hii: nyembamba, nafuu, za kutia mfukoni. Zinatumia mwanga usioonekana, kwa hiyo ni lazima rimoti na kamera zionane, na umbali ni kama mita 5 tu. Kwenye kamera nyingi kipokezi kiko mbele. Ukisimama nyuma ya stendi unapitisha mkono kando ya lenzi kama unayemlisha mtoto asiyetaka uji. Jua kali nalo huvuruga. Na wewe mwenye Canon 1300D au 2000D, usiguse kabisa: kamera zako hazina kipokezi hicho, hata muuzaji aape kwa mama yake.

3. Bluetooth ya mtengenezaji. Canon BR-E1, Nikon ML-L7, Sony RMT-P1BT. Haihitaji waya wala kuonana na kamera, na ukishaiunganisha mara moja inakumbuka. Umbali bado ni mfupi, hizo za Canon na Sony ni kama mita 5, na kila moja ina orodha yake ya kamera inazozikubali. Soma orodha kabla ya kufungua pochi.

2. Waya. Najua, wengi mnataka isiyo na waya. Lakini rimoti ya kawaida ya waya haina betri, haina chaneli, na ina kitelezi cha kufunga kitufe ili shata ibaki wazi zaidi ya zile sekunde 30 ambazo kamera nyingi huishia. Canon RS-60E3 ina waya wa sentimita 60, basi kuingia kwenye picha ya harusi usahau. Kwa nyota, haina mpinzani.

1. Rimoti ya redio yenye kipokezi. Huyu ndiye bingwa. Kitumaji unakishika mkononi, kipokezi kinakaa juu ya kamera pale panapochomekwa flashi, na kawaya kafupi kanakiunganisha na tundu la kamera. Ushindi wake uko kwenye hako kawaya: ukibadilisha kamera, unabadilisha kawaya tu. Canon ndogo nyingi zinataka pini ya duara ya milimita 2.5, ile ya hedifoni ya milimita 3.5 haiingii hata ukiilazimisha. Canon kubwa zina tundu la pini tatu, Nikon na Sony wana matundu yao.

Nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, zinapita mlango na ukuta mwembamba. Boksi likiandika mita 100, hizo ni za uwanja mtupu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Usiifiche rimoti mgongoni halafu ulaumu betri. Chagua inayotumia betri nyembamba za AAA, maana hizo hata duka la mtaani saa nne usiku unazipata. Na iwe na chaneli kadhaa, la sivyo mwenzako ukumbini atakupigia picha zako.

Kitu cha kutobishana nacho ni kitufe cha hatua mbili. Bonyeza nusu: lenzi inalenga. Bonyeza chote: shata inalia. Ya hatua moja ikupite.

Nenda dukani na kamera yako. Iache ilale kabisa, kisha bonyeza nusu uone kama inaamka. Simama mwisho wa duka, bonyeza mara kumi mfululizo. Rimoti ikikosa hata moja, irudishe kwenye boksi na uombe nyingine.