Sifa za Mshauri wa Hiari

Uchumi wa Kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, hauwezi kuelezwa kwa haki bila kumtaja mshauri wa hiari, yaani mtu ambaye, pasipo mshahara wala kuombwa, huwakinga wenzake na hatari ya kubadili kazi. Mshonaji anapoacha cherehani katika EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza ng'ambo lililowekewa sheria mwaka 1990, akaanza kukuza nyanya Kitengela ndani ya kivungulio, ambacho ni banda la plastiki la kuhifadhi joto na unyevu, mshauri hufika asubuhi hiyohiyo, hubinya jani, kisha hutangaza kwamba udongo mweusi haujawahi kumtajirisha yeyote. Na neno lake lina uzito, kwani aliuza ploti tatu za udongo huohuo ili anunue gari aliloliegesha penye mpira wa maji. Kwamba mshonaji huendelea kumwagilia, baada ya kumwomba kwa adabu alisogeze, ni ukaidi ambao wataalamu bado hawajaupatia tiba.

Huduma hii humfikia hata mfugaji ambaye, baada ya mvua kupungua misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ameamua kupanda nyasi na kuuza marobota. Huyo hukumbushwa kwamba mwanamume huhesabiwa kwa ng'ombe, wosia wenye hekima isiyopimika, hasa unapotolewa na mzee ambaye ng'ombe wake wawili waliosalia hula marobota yaleyale, kwa mkopo.